"Gesi Imekwisha": Maneno ya Kiyoyozi Yatazamwa

Istilahi mbaya aghalabu humgharimu msomaji muda tu: husita kidogo, akairudia sentensi, kisha akaendelea. Lakini zipo istilahi ambazo gharama yake hulipwa kwa fedha taslimu, na miongoni mwa hizo tumeona yafaa tuyatazame maneno yatumikayo kuhusu kiyoyozi cha nyumbani. Chombo hiki, ambacho zamani kilikuwa cha hoteli na ofisi kubwa, sasa kimeingia katika vyumba vingi vya kulala Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar. Pamoja nacho zimeingia karatasi za maelekezo zilizofasiriwa kwa Kiswahili, na msamiati wa mafundi upitao kwa mdomo. Jina la chombo lenyewe halitusumbui. "Kiyoyozi" na "kipoza hewa" yote mawili yaeleweka, na asemaye "eisi" naye haachi kueleweka. Tatizo limo katika maneno yanayomwambia mwenye chombo la kufanya.

Karatasi moja iliyotufikia pamoja na chombo chake inashauri chujio lisafishwe "kabla ya kiangazi". Bila shaka mfasiri alikuwa na majira ya joto ya Ulaya mbele ya macho yake. Lakini kiangazi chetu ni jina la ukavu kabla ya kuwa jina la joto, na miezi yake hubadilika kwa kadiri ya mahali. Mkulima wa Dodoma yumo katika kiangazi mwezi wa Juni. Juni hiyohiyo mkazi wa Dar es Salaam yumo katika kipupwe, na kiyoyozi chake aghalabu kimepumzika. Joto lake yeye huja na kaskazi, tangu Desemba hadi Machi. Akikielewa kiangazi kama mtu wa bara anavyokielewa, atasafisha mwezi wa Mei, na kaskazi itamkuta na chujio lililojaa vumbi. Chujio likiziba hewa haipiti vizuri, kompresa hufanya kazi muda mrefu zaidi, na pengine barafu huganda juu ya koili ya ndani. Kwa watu wa pwani ingetosha kuandika "kabla ya kaskazi". Bora zaidi ni kuyaacha majira na kusema "kila baada ya wiki mbili au tatu, chombo kinapotumika kila siku", maana vumbi la barabara zetu halingoji msimu.

Karatasi hiyohiyo yasema: "Punguza kiyoyozi ili kuokoa umeme." Yapunguzwe nini? Katika mazungumzo ya nyumbani, asemaye "ongeza eisi" ataka baridi zaidi, na mkono wake huiteremsha namba. Basi msomaji mtiifu aambiwaye apunguze huenda akaitoa namba 24 akaiweka 18, akafanya kinyume kabisa cha alichoagizwa. Wala namba ya chini haikipozi chumba upesi zaidi katika mashine za kawaida. Kompresa hufanya kazi kwa nguvu ileile, ila haipati nafasi ya kusimama. Hapa hapahitajiki istilahi mpya hata moja. Yahitajika namba. Uhindi ilipotaka kupunguza matumizi ya umeme, iliagiza kwamba tangu mwaka 2020 viyoyozi vya vyumba vitoke kiwandani vikiwa vimewekwa kwenye nyuzi 24 za Selsiasi. Agizo la namna hiyo halina njia mbili za kueleweka.

Lakini neno linalotukera kuliko yote ni "gesi". Neno hili kwa wengi wetu ni la jikoni: gesi imo ndani ya mtungi, huwaka, hupungua, hatimaye huisha, nasi huenda kujaza. Kilichomo ndani ya kiyoyozi hakichomwi wala hakitumiki. Huzunguka katika mabomba yaliyofungwa; ndani ya chumba hugeuka mvuke na kuchukua joto, nje ya nyumba hugeuka kimiminika na kulitua. Mzunguko huo ukiwa mzima, kiasi chake hakipungui mwaka hata mwaka. Kikipungua, pana mahali kinavuja. Hata hivyo fundi akisema "gesi imekwisha", mwenye nyumba hutikisa kichwa, maana jikoni kwake ndivyo ilivyo. Hulipa, chumba hupoa, na kaskazi ifuatayo humwita fundi tena. Nasi twakiri tumelipa mara mbili kwa chumba kimoja kabla hatujauliza swali lililopasa. Muda wote huo kitundu ki palepale, kompresa yahangaika, na kilichovuja kimekwenda hewani. Ikiwa ni R-22, huharibu tabaka la ozoni, nayo imo katika Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987. Ikiwa ni R-410A, haidhuru ozoni, lakini nguvu yake ya kuongeza joto la dunia ni zaidi ya mara 2,000 ya ile ya hewa ya ukaa. Kwa ajili ya jamii hii ya kemikali mataifa yalikutana Kigali mwaka 2016 na kuurekebisha mkataba huo.

Tulifikiria "kipozi", tukaliacha kwa kuwa mno linakaribia "pozi" la vijana. Twapendekeza "kibebajoto", kwa mfano wa "kipimajoto", kwani lataja kazi yenyewe: kubeba joto na kulitoa nje. Tutaambiwa ni refu. Lina silabi tano, sawasawa na kipimajoto, ambalo halijamshinda mtoto wa shule.

Hata hivyo hatutagombana na fundi atakayeshikilia "gesi". Alilikuta. Tunalomwomba ni kitenzi. Aseme "gesi imevuja", na mwenye nyumba atauliza mwenyewe: wapi? Kadhalika neno "servisi", lifunikalo kuosha, kuziba na kujazia kwa bei moja, lafaa livunjwe vipande vitatu katika stakabadhi, kila kimoja na bei yake. Wasomaji wetu walio mafundi tunawaomba watuletee majina wanayotumia kwa koili ya ndani na ya nje, kwani tumesikia zaidi ya manne na hatujaridhika na hata moja.