Mbao Mbili na Deni la Anayefuata

Waliotazama mashindano ya dunia ya baiskeli mjini Kigali, Septemba 2025, waliona jinsi kilima cha mawe cha Kimihurura kilivyowachuja waendeshaji mmoja baada ya mwingine. Hizo zilikuwa mbio za barabarani. Mchezo huo una tawi jingine ambalo huku kwetu halina wafuasi wengi: saiklokrosi. Huchezwa Ulaya wakati wa baridi, juu ya nyasi zilizolowa, mchangani, msituni na zaidi ya yote matopeni. Kitu kinachowachuja watu huko mara nyingi hakifiki hata gotini kwa mtu mrefu. Ni mbao mbili, zimesimamishwa kwa ubavu katikati ya njia, na kila mzunguko lazima uzivuke.

Makao makuu ya mchezo huu ni Flanders, yaani Ubelgiji ya kaskazini inakozungumzwa Kiholanzi. Kuanzia Septemba hadi Februari, ni nadra wikiendi kupita bila kijiji fulani kufunga barabara zake, kuzungushia mashamba utepe na kuita watu. Tarehe 1 Novemba ni zamu ya Koppenberg, kilima cha mawe karibu na Oudenaarde. Siku ya mwaka mpya ni zamu ya Baal. Katikati kuna Gavere kwenye matope ya kunata, Zonhoven kwenye shimo lake la mchanga, Loenhout wakati wa sikukuu za mwisho wa mwaka. Watu wanalipa kiingilio, wananunua chipsi na bia, wanasimama kwenye baridi wakimsubiri mtu apite mbele yao kwa sekunde chache. Anayezoea kwenda hasimami popote tu. Wajuzi hukimbilia mbaoni mapema kabla nafasi hazijajaa, na wana sababu.

Kanuni za shirikisho la kimataifa, UCI, ziko wazi. Ubao usizidi sentimita 40 kwenda juu. Uwe mzima bila uwazi chini, tena usiwe wa chuma. Mbao ni mbili, na kati yake ziachwe mita 4 hadi 6. Njia yenyewe ina urefu wa kilomita 2.5 hadi 3.5, mbio za wanaume wa daraja la juu huchukua kama saa moja na za wanawake kama dakika 50. Kwa hiyo mtu anakutana na mbao hizo mara 7, 8 au hata zaidi kabla ya kuona mwisho. Kila mara anatakiwa kuchagua: kushuka na kukimbia, au kuruka akiwa juu ya baiskeli.

Kushuka ndiyo njia ya wazee wa kazi, na ikifanywa vizuri inapendeza macho. Baiskeli ikiwa bado inakwenda, mguu wa kulia unapitishwa nyuma, juu ya kiti, na mwendeshaji anabaki amesimama kwa mguu wa kushoto kwenye pedali, ubavuni mwa baiskeli. Anashukia kushoto kwa sababu cheni iko kulia. Mkono wa kulia unashika bomba la juu la fremu. Wa kushoto unabaki kwenye usukani, penye breki. Ndiyo maana baadhi hufunga breki ya nyuma upande wa kushoto: ukibana ya mbele kwa mkono mmoja huku umening'inia pembeni, utajikuta chini. Hatua chache kabla ya ubao kiatu cha kushoto kinachomolewa kwenye pedali, miguu inagusa ardhi tayari ikikimbia, baiskeli inanyanyuliwa, ubao wa kwanza, hatua mbili tatu, ubao wa pili. Kisha anarudi juu. Mgeni hurukia kiti kwa makalio na kuumia. Mzoefu hutua kwa paja la ndani na kuteleza mpaka katikati ya kiti.

Kuruka ni shughuli nyingine kabisa. Mwendeshaji anaacha kukanyaga, pedali zikiwa sambamba na ardhi, anachuchumaa kidogo, kisha anarudisha uzito nyuma kwa mikono iliyonyooka mpaka tairi la mbele lipande. Likishapita ubao, anausukuma usukani mbele na kuvuta visigino juu, viatu vikiwa vimenasa kwenye pedali, ili tairi la nyuma nalo lipande. Hapo ugumu ni mdogo. Kijana yeyote mwenye baiskeli ya BMX anaweza. Shida ni ubao wa pili. Mtu akija kwa kilomita 20 kwa saa, mita 4 zinamalizika kwa robo tatu ya sekunde. Ondoa urefu wa baiskeli yenyewe, kama mita 1 kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi la nyuma, ondoa na nafasi ya kutulia kwa usalama pande zote mbili. Muda unaobaki, tairi zote zikiwa chini, haufiki nusu sekunde. Hakuna nafasi ya kurekebisha kosa. Ukitua vibaya kwenye mruko wa kwanza, wa pili umeshaharibika, na ubao hauna huruma.

Kwa nini basi mtu ajihatarishe? Wengi husema: ili kuokoa muda. Ni kweli, lakini tuipime hiyo kweli. Tuchukue kipande cha mita 15 chenye mbao ndani yake. Anayeruka kwa kilomita 20 kwa saa anakimaliza kwa sekunde 2.7. Anayeshuka na kukimbia kwa wastani wa kilomita 14 kwa saa anakimaliza kwa sekunde 3.9. Tofauti ni sekunde 1.2. Ukizidisha kwa mizunguko 8, unapata chini ya sekunde 10 ndani ya saa nzima. Si haba, ila peke yake haitoshi kueleza kwa nini mbao huvunja makundi.

Jibu liko baada ya ubao wa pili. Aliyeruka anatoka akiwa na sehemu kubwa ya mwendo wake. Aliyekimbia anatoka, tuseme, kwa kilomita 12 kwa saa, kiatu kimoja kikitafuta pedali, na mwenzake ameshakuwa mita 6 au zaidi mbele. Mtu na baiskeli yake wenye kilo 80 wakitaka kutoka kilomita 12 hadi 20 kwa saa, wanahitaji karibu jouli 800. Wakizitoa kwa sekunde 3, hizo ni wati zaidi ya 250 juu ya zile wanazozitumia tayari kupambana na matope. Hapo amerudisha mwendo tu. Zile mita bado hajazifuta. Aliyeruka naye hutoa jasho, maana kunyanyua mwili na chuma si bure, lakini gharama yake ameshailipa na anaendelea. Anayefuata ndiyo kwanza anaanza kulipa, na mzunguko ujao deni linarudi lilivyo. Ikifika mara ya sita, miguu imekwisha. Mtazamaji ataona ameachwa kwenye kilima fulani na kudhani kilima ndicho kilichomuua.

Hivi ndivyo ninavyousoma ushindi wa Danny De Bie huko Pontchâteau, Ufaransa, mwaka 1989. Mbelgiji huyo aliziruka mbao wakati wapinzani wake wakishuka, akawa bingwa wa dunia. Aliyemaliza wa pili alikuwa Mholanzi Adri van der Poel, bingwa wa barabarani aliyekuwa na nguvu za kutosha kumshinda karibu yeyote. Adri alikuja kulipata taji lake mwaka 1996. Ajabu ni kwamba mtoto wake, Mathieu, amekua na kuwa mmoja wa warukaji hodari kuliko wote, na Februari 2025 huko Liévin alichukua taji la dunia la 7, akaifikia rekodi ya Erik De Vlaeminck. Silaha iliyomwadhibu baba imekuwa urithi wa mwana.

Kati ya De Bie na Mathieu yupo Sven Nys wa Baal, na bila yeye huenda kuruka kungebaki kioja cha siku moja. Nys alitokea kwenye BMX, ambako mtoto hufundishwa kuipeleka baiskeli hewani kabla hajajua kubadilisha gia. Alipoingia saiklokrosi hakuona sababu ya kushuka. Aliruka mwaka baada ya mwaka, mbele ya kamera za televisheni ya Flanders, mpaka watoto wa vijijini wakaanza kupanga mbao nyuma ya nyumba zao. Koppenberg aliishinda mara 9. Taji lake la pili la dunia alilipata Louisville, Marekani, Februari 2013, akiwa na miaka 36, mashindano ya dunia ya saiklokrosi yakifanyika nje ya Ulaya kwa mara ya kwanza. Mafuriko yalilazimisha mbio zote za siku mbili zibanwe ndani ya siku moja. Nys alimshinda Klaas Vantornout kwa sekunde 2. Nani atathubutu kuziita zile sekunde 1.2 kuwa ndogo?

Kwa wanawake kuruka kulichelewa kuzoeleka, na anayetajwa zaidi ni Mholanzi Puck Pieterse, anayezivuka mbao kana kwamba hazipo. Lakini yeye pia ni ushahidi wa upande wa pili. Kwenye mashindano ya dunia huko Hoogerheide mwaka 2023 alimaliza wa pili nyuma ya Fem van Empel, na Liévin mwaka 2025 alikuwa wa tatu, Van Empel akishinda tena. Kuruka kunamtwisha mwenzako mzigo; kama mwenzako ana mgongo wa kuubeba, atakushinda vilevile.

Halafu kuna hesabu ya upepo wa tairi, ambayo mtazamaji haioni. Kanuni inakataza tairi pana kuliko milimita 33, hivyo njia kubwa ya kushika ardhi ni kupunguza upepo, mara nyingi mpaka karibu na bar 1.5 au chini yake. Tairi laini hukumbatia matope vizuri. Tairi hilohilo ukitua nalo kwa nguvu, au ukiligonga kwenye ukingo wa ubao, rimu inafika chini na unaweza kulipasua. Ndiyo maana mabingwa wengi wameng'ang'ania tairi za kugundishwa kwenye rimu kwa gundi, zinazovumilia upepo mdogo bila kubanwa kirahisi. Mtu anayepanga kuruka mara 8 anajaza upepo kidogo zaidi ya anayepanga kukimbia, na nyongeza hiyo anailipa kwenye kona.

Matope nayo yana kauli. Baiskeli inayoingia mashindanoni ikiwa nyepesi inaweza kuongezeka kilo kadhaa ndani ya nusu mzunguko. Chuma kizito hakipandi hewani kama kilivyopanda mwanzo, na pedali iliyojaa tope inakinyima kiatu mahali pa kunasa. Ukijaribu kuruka kiatu hakijanasa, tairi la nyuma halitakufuata. Dawa yake ni kituo cha kubadilishia baiskeli, ambako mwendeshaji anatupa chafu na kudaka safi bila kusimama sawasawa. Mabingwa wana mafundi wa kulipwa. Kwenye mbio za vijana na za klabu, anayeshika mashine ya maji ni baba, anayepaka cheni mafuta ni mjomba, na aliyenyoosha shingo kutazama kama kijana ameinua mkono kuomba baiskeli ni mama. Nusu ya ufundi wa mruko unaoupigia makofi umefanywa na watu hao, mikono yao ikiwa imekufa ganzi kwa maji ya Desemba. Mchezo huu umedumu vijijini kwa sababu yao kuliko kwa sababu ya mabingwa.

Wapanga njia hawakulala. Walipoona kila mtu anaruka, wakaanza kuziweka mbao mahali pa kuudhi: juu ya mwinuko, au mara tu baada ya kona kali, ili mwendeshaji afike bila mwendo. Mwendo ukiwa mdogo, mruko wa pili unakuwa bahati nasibu. Wengine wanalalamika kwamba hila hizo zinaua burudani. Mimi siko nao. Ubao uliowekwa kwenye tambarare kavu unampima mtu mara moja tu, siku anapojifunza kuruka. Ubao wa mlimani unampima upya kila mzunguko: pumzi zimebaki? Kiatu kimenasa? Baiskeli imebeba tope kiasi gani? Anayeshuka mzunguko wa saba baada ya kuruka sita anaweza kuwa mwenye akili kuliko wote uwanjani, japo mashabiki watamzomea.

Mbio nyingi za Flanders zinarushwa moja kwa moja kwenye televisheni. Ukizipata, usimfuate kwa macho anayeruka wa kwanza, kamera itamshughulikia. Mtazame wa pili, mita 20 baada ya ubao wa pili. Akiketi na kukanyaga kwa utulivu, mbio bado ziko wazi. Akilazimika kusimama juu ya pedali na kuvuta usukani kila mzunguko ili tu arudi mgongoni mwa mwenzake, hesabu mizunguko iliyobaki. Ikizidi mitatu, mshindi umeshamjua.