Shujaa Anayechelewa: Muundo na Taharuki katika *From Russia, with Love* ya Ian Fleming

Wahakiki wa fasihi pendwa mara nyingi huichukulia riwaya ya kijasusi kuwa simulizi ya ushindi wa shujaa. *From Russia, with Love* (1957), riwaya ya tano ya Ian Fleming kuhusu James Bond, inautia shaka mtazamo huo kupitia muundo wake. Sura 10 za mwanzo zinasimulia upande wa SMERSH: maisha ya awali ya muuaji Grant, hesabu za Kronsteen, bingwa wa sataranji, na jinsi Rosa Klebb anavyomteua Tatiana Romanova awe chambo. Bond mwenyewe haingii mpaka sura ya 11. Hivyo, anapopanda treni ya Orient Express jijini Istanbul, msomaji anajua kuna mtego ambao shujaa haujui; taharuki inatokana na swali la lini atautambua. Mwisho unaikamilisha kejeli hiyo: Bond, aliyekwisha kumshinda Grant, anachomwa kwa kisu chenye sumu kilichofichwa katika kiatu cha Klebb, na riwaya inafungwa akianguka sakafuni.

Hata hivyo, muundo huo una mipaka. Tunazisikia hofu za Tatiana anapoandaliwa, lakini hayumo katika tukio la mwisho, na hatima yake haielezwi. Fleming anamvua shujaa uhakika wa ushindi, ila anamwacha mwanamke katika nafasi ileile ya chombo aliyopewa na Klebb. Hapo ujasiri wa fani haukufika kwenye maudhui.