Reli Kabla ya Magari: Tramu za Pittsburgh Zilivyookolewa

Mwaka 1953 kampuni ya Pittsburgh Railways iliifunga njia ya tramu iliyounganisha jiji la Pittsburgh na mji mdogo wa Washington, kusini-magharibi mwa jimbo la Pennsylvania, Marekani. Wakati huo kikundi cha wapenzi wa tramu, watu wenye ajira zao za kawaida na mifuko isiyo mizito, kilikuwa kimeanza kukusanya magari yaliyokuwa yakienda kukatwakatwa na kuuzwa chuma chakavu. Mtu angetarajia watafute banda la kuyahifadhi. Wao walinunua kipande cha njia yenyewe: futi 2,000, yaani kama mita 600 za reli. Hapo ndipo ilipozaliwa Pennsylvania Trolley Museum, na kwa maoni yangu uamuzi huo wa kiufundi ndio uliobeba mengine yote yaliyofuata.

Sababu iko kwenye geji, yaani upana kati ya reli na reli. Reli za kawaida za Marekani zina milimita 1,435. Tramu za Pittsburgh zilijengewa upana wa milimita 1,588 hivi. Tofauti hiyo ya sentimita 15 iliwekwa makusudi: miji ya Pennsylvania iliogopa kwamba kampuni za reli zingetumia njia za tramu kupitisha mabehewa ya mizigo katikati ya mitaa, basi ikataka upana ambao treni haiwezi kuingia. Msomaji wa Tanzania analijua tatizo la aina hii kupitia Kidatu, mahali ambapo reli ya milimita 1,000 inakutana na ya TAZARA yenye 1,067, na mzigo hauna budi kuhamishwa kutoka behewa moja hadi jingine kwa sababu ya milimita 67 tu.

Sasa fikiria kikundi hicho kingepata kiwanja kizuri kando ya reli ya kawaida. Kila tramu ingehitaji magurudumu yake yasogezwe kwenye ekseli, na kwa tramu hiyo si kazi ya nyundo na spana. Mota zake huning'inia kwenye ekseli hizohizo, katikati ya magurudumu, kwa hiyo ukigusa upana umegusa mota, gia na breki. Karakana yenye mashine kubwa ingeweza kulifanyia kazi hiyo gari moja au mawili. Watu wanaofanya kazi Jumamosi kwa kujitolea wasingeweza kuufanyia mkusanyiko mzima.

Kwa kuwa reli ilikuwa ileile, uhamisho wenyewe haukuhitaji lori wala winchi. Tarehe 7 Februari 1954 tramu tatu, namba M1 na 3756 za Pittsburgh Railways na namba 832 ya kampuni jirani ya West Penn, zilisafiri kwa nguvu zao wenyewe hadi kwenye makao mapya. Baadaye njia iliyobaki nyuma yao iling'olewa. Wangesubiri kupata fedha za kutosha, mlango ungekuwa umefungwa.

Geji hiyohiyo iliwapa faida nyingine baada ya miaka kumi. Mwaka 1964 New Orleans ilipoondoa tramu kwenye barabara ya Canal, gari lake namba 832 (si lile la West Penn), lililojengwa na Perley Thomas mwaka 1923, lilipelekwa Pennsylvania. Reli za New Orleans nazo zina upana uleule, na gari lililosafirishwa kutoka mwisho wa mto Mississippi likakuta njia inayolifaa. Magari ya Philadelphia nayo hayako mbali: tofauti yao na ya Pittsburgh ni milimita 6 tu.

Lakini reli bila umeme ni vyuma viwili tu ardhini. Tramu hizi hutumia umeme wa DC wa volti 600 hivi, ilhali gridi hutoa AC, kwa hiyo lazima pawe na kituo cha kuubadilisha. Umeme hushuka kutoka kwenye waya mmoja wa juu kupitia nguzo ya paani, hupita kwenye mota, kisha hurudi kituoni kwa njia ya reli zenyewe. Ndiyo maana kila kiungo cha reli huunganishwa kwa kipande cha waya wa shaba. Viungo vikilegea, volti hupungua, taa za ndani hufifia na gari hupoteza nguvu mlimani. Kwa hiyo mtu anayeshindilia kokoto na kubadilisha mataruma hapo anafanya pia kazi ya umeme. Haishangazi kwamba makumbusho yalifunguliwa kwa umma Juni 1963 tu, miaka tisa baada ya tramu za kwanza kufika.

Uendeshaji nao una elimu yake. Kwenye tramu ya zamani, dereva huzungusha mkono wa shaba hatua kwa hatua. Mwanzoni mota huunganishwa kwa mfuatano ili zigawane volti, na vikinza hupunguza mkondo. Gari likishika kasi, vikinza huondolewa kimoja baada ya kingine, kisha mota huunganishwa kwa sambamba na kupata volti kamili. Dereva mwenye haraka huzidishia mota mkondo; mzembe huacha vikinza vichemke kwa muda mrefu. Breki ya upepo nayo ina mazoezi yake, na hapo Pittsburgh ni nyumbani kwake, maana viwanda vya George Westinghouse vilikuwa kwenye bonde la mashariki mwa jiji. Magari ya West Penn, kwa upande wao, hayakuwa na breki ya upepo. Yalitegemea breki ya sumaku inayong'ang'ania reli. Halafu kuna PCC, muundo wa kisasa ambao Pittsburgh ilikuwa ya kwanza kuuingiza kwenye huduma mwaka 1936: humo dereva huendesha kwa miguu, kama kwenye gari la barabarani. Ujuzi wa aina moja hautoshi kwa nyingine.

Kuhifadhi tramu kwa kuziendesha kuna gharama yake. Kila safari hula magurudumu, beringi na mbao, na kila kipande kinachobadilishwa hupunguza uasilia wa gari. Mhifadhi wa makumbusho ya sanaa angeliweka nyuma ya kamba na kukataza watu kuligusa. Hoja hiyo ina uzito, lakini tramu iliyosimama miaka thelathini hupoteza kitu ambacho kamba haikilindi: fundi anayejua kumimina risasi ya beringi, na dereva anayejua sauti ya mota iliyozidiwa. Kuendesha kumehifadhi chuma na ujuzi kwa pamoja.

Hapa ndipo habari hii inapotuhusu. Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, yana injini za Garratt kama 5918 Mount Gelai, za reli ya mita. Kenya na Tanzania zimejenga njia za milimita 1,435, na injini hizo haziwezi kukanyaga hata mita moja ya reli hizo mpya. Wanaopanga kung'oa njia za zamani waamue kwanza ni kilomita zipi zitabaki pamoja na karakana yake, na wafanye hivyo kabla ya mkandarasi kuleta mashine. Injini inaweza kusubiri kwenye banda. Reli ikishauzwa kama chuma chakavu, hairudi.