Chuku za Aburĩria

Riwaya nene ya kejeli inayochekesha tangu mwanzo haipatikani kila siku, na kwa likizo ndefu Mũrogi wa Kagogo ya Ngũgĩ wa Thiong'o inastahili nafasi begini. Ilianza kutoka kwa Kigĩkũyũ mwaka 2004. Tafsiri ya Kiingereza, kazi ya mwandishi mwenyewe, ilifuata mwaka 2006 ikiwa na kurasa zaidi ya 700.

Mambo yanatokea Aburĩria, nchi ya kubuni iliyo chini ya dikteta anayejulikana kwa cheo tu: Mtawala. Waziri Machokali alikwenda London akapasuliwa macho yakawa makubwa kama balbu, apate kuwaona maadui wa bwana wake popote walipojificha. Mshindani wake Sikiokuu, asiyekubali kupitwa, akaenda Paris kukuzwa masikio.

Ufundi wa Ngũgĩ ni kupiga chuku bila kucheka. Vituko hivyo anavisimulia kwa uso mkavu wa taarifa ya habari, na chuku ikishapigwa haiachwi njiani. Mtawala anaahidiwa zawadi ya siku ya kuzaliwa: jengo la kufika mbinguni. Basi kamati inaundwa, mwenyekiti anateuliwa, mkopo unaombwa ng'ambo. Jengo ni njozi tupu, lakini taratibu zake kila raia anazijua, na hapo ndipo kicheko kinapochoma.

Mwenyekiti huyo, Tajirika, ndiye kilele cha kitabu. Hata tofali moja halijawekwa, wasaka zabuni wanamiminika ofisini na bahasha za kujitambulisha, naye anarudi nyumbani na magunia ya noti. Ghafla ulimi unamganda kwenye neno moja, "kama", haliendi mbele wala nyuma. Mkewe anampeleka kwa mganga, ambaye kwa kweli ni Kamĩtĩ, msomi asiye na ajira aliyejibandika uganga ili kuwatisha polisi waliokuwa wakimfukuza. Kamĩtĩ anamvuta taratibu mpaka sentensi inakamilika: kama ngozi yake ingekuwa nyeupe!

Kasoro zipo. Katikati hadithi inajikokota, na wahusika wema huhutubia zaidi kuliko wanavyozungumza. Hapo si dhambi kuruka kurasa. Ila sehemu za Arigaigai Gathere, polisi anayesimulia visa vyake baani huku akiapa haki ya Mungu, zisirukwe. Hizo hasa zisomwe kwa sauti, mbele ya watu.