Barafu ya Kibo na Hesabu Iliyo Nyuma ya Picha

Kuna jozi ya picha za Kilimanjaro iliyozunguka dunia. Moja ilipigwa na setilaiti ya Landsat tarehe 17 Februari 1993, ya pili tarehe 21 Februari 2000. Katika ya kwanza kilele cha Kibo kimejaa weupe hadi mabegani. Katika ya pili weupe umebaki vipande vipande. Zimeoneshwa kwenye mihadhara, zimechapwa magazetini, zimebandikwa kwenye mabango ya kampeni, na maelezo huwa yaleyale: tazama barafu ilivyokwisha ndani ya miaka 7.

Barafu ya Kilimanjaro inapungua, tena vibaya. Lakini jozi hiyo si ushahidi wake. Siku 5 kabla ya Landsat kupiga picha ya pili, yaani tarehe 16 Februari 2000, ndege iliruka juu ya Kibo na kupiga picha za anga kwa ajili ya timu ya Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, ambayo msimu huo ilikuwa kileleni ikichoronga barafu. Picha hizo zilitoa eneo la kilomita za mraba 2.6 hivi. Picha za anga za mwaka 1989 zilikuwa zimetoa 3.3. Tofauti ni 0.7 kwa miaka 11. Ukiichora 0.7 hiyo kwenye picha inayoonesha mlima mzima, utapata mikwaruzo myembamba pembeni mwa vipande vilivyopo, na msomaji wa gazeti hataiona kabisa. Kinachomshtua katika ile jozi ni theluji ya msimu. Ilianguka kabla ya picha ya 1993, nayo ingetoweka yenyewe baada ya jua la siku chache. Kwa mantiki ya jozi hiyo, Februari yoyote yenye theluji nyingi ingetufanya tutangaze kwamba barafu imerudi.

Wanaopima kweli huanza kwa kutenganisha vitu vyeupe. Setilaiti hupokea mwanga wa jua unaorudi kutoka ardhini na kuupima bendi moja moja: bluu, kijani, nyekundu, kisha infraredi ambazo jicho halizioni. Theluji na barafu hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa kijani, lakini humeza karibu wote wa infraredi ya mawimbi mafupi. Mawingu mengi hurudisha zote mbili. Basi huchukuliwa bendi hizo mbili, moja hutolewa kutoka kwa nyingine, na jibu hugawanywa kwa jumla yake. Tuseme pikseli moja ya Kibo imerudisha asilimia 70 ya kijani na asilimia 10 ya infraredi: 0.60 gawanya kwa 0.80 ni 0.75. Pikseli ya wingu imerudisha 60 na 50: 0.10 gawanya kwa 1.10 ni 0.09. Kizingiti kinachotumika mara nyingi ni 0.4. Kilicho juu yake huitwa theluji au barafu, kilicho chini hutupwa. Mawingu membamba ya juu kabisa, yaliyojaa chembe za barafu, huupita mtego huo mara kwa mara, lakini kwa ujumla hesabu hii hufanya kazi.

Ila haiwezi kutofautisha theluji ya jana usiku na barafu ya tangu enzi za mababu. Zote mbili hupita kizingiti. Dawa yake ni ya kuchosha: kukusanya picha kadhaa za msimu mmoja wa kiangazi, kuziweka moja juu ya nyingine, na kuhesabu tu kilichobaki cheupe katika zote. Zamani hili lilikuwa gumu kwa sababu ya fedha. Kabla ya 2008 picha moja ya Landsat ilikuwa na bei ya mamia ya dola, na mtafiti wa chuo cha kwetu alinunua moja ya mwaka huu na moja ya mwaka ule, akaomba Mungu zisiwe zimepigwa baada ya theluji. Mwaka 2008 ghala lote likafunguliwa bure. Kwa maoni yangu uamuzi huo wa kiofisi umeboresha upimaji wa mazingira Afrika kuliko kamera yoyote mpya iliyorushwa angani.

Ukubwa wa pikseli nao una mambo yake. Landsat ya kwanza, iliyorushwa mwaka 1972, ilikuwa na pikseli za takribani mita 80 kwa 80, zaidi ya ekari moja na nusu kila moja. Tangu 1982 zikawa za mita 30, na Sentinel-2 ya Ulaya, iliyoanza kazi mwaka 2015, ina bendi za mita 10. Kipande cha barafu kiitwacho Furtwängler, kilicho ndani ya kreta ya Kibo, kilikuwa na mita za mraba 60,000 hivi mwaka 2000. Kwa jicho la Landsat ya kwanza hizo ni pikseli 9 tu, na karibu zote ni za ukingoni, nusu barafu nusu jivu la volkeno. Ukiamua kuzihesabu zote kuwa barafu, kipande kinakua, ukizitupa, kinatoweka. Hapo hujapima mlima, umepima uamuzi wako. Ndiyo maana wataalamu wa Kibo hawakuitegemea Landsat peke yake. Wamechanganya picha za anga, picha za setilaiti za kibiashara zenye pikseli ndogo zaidi, na picha za kawaida zilizopigwa na watu waliosimama kwenye barafu.

Lakini pagumu kuliko pote ni pale hesabu inapoanzia. Asilimia nyingi zinazotajwa kuhusu barafu ya Kilimanjaro huanzia mwaka 1912, na mwaka huo hapakuwa na ndege iliyopiga picha kileleni. Palikuwa na Fritz Klute, mwanajiografia wa Kijerumani, ambaye pamoja na Eduard Oehler ndio waliofika kwenye kilele jirani cha Mawenzi kwa mara ya kwanza mwaka huohuo. Klute alipima mlima kwa kamera iliyosimamishwa juu ya miguu mitatu katika vituo mbalimbali, kisha akachora ramani ya kipimo cha 1:50,000. Kwa wakati wake ilikuwa kazi ya ajabu. Hata hivyo kamera iliyo mlimani haioni kilicho nyuma ya mgongo wa mlima, na ramani ya kipimo hicho ina ukomo wake: milimita 1 ya karatasi ni mita 50 za ardhi. Mstari wa barafu ukihama nusu milimita, umehama mita 25. Tuseme vipande vyote vina ukingo wa jumla wa kilomita 25, na mstari umehama kiasi hicho kuelekea nje kila mahali. Umeongeza kilomita za mraba 0.6 za barafu kwa wino tu.

Mfano huo ni wa kwangu, lakini ukubwa wake unalingana na kilichotokea. Stefan Hastenrath na Lawrence Greischar, katika utafiti wao wa 1997, walisoma ramani ya Klute na kupata kilomita za mraba 12.1. Mwaka 2013 timu ya Nicolas Cullen wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, ilirudi kwenye kazi hiyo upya. Walichukua ramani mbili za zamani na picha 9 za setilaiti, wakazilaza zote juu ya umbo moja la mlima la pande tatu kwenye kompyuta, ili kila mstari wa barafu ukae kwenye mteremko unaowezekana, huku wakilinganisha na picha za anga na za ardhini. Kwa mwaka 1912 wao walipata 11.40. Kwa hiyo barafu ya 1912 ilipungua kwa 0.7 ofisini, bila tone kudondoka, na kiasi hicho ni sawa na kile kilichopotea kileleni kati ya 1989 na 2000.

Je, hadithi ilibadilika? Hapana, na hapo ndipo kazi ya Cullen ilipo na thamani. Mwaka 2011 walipata kilomita za mraba 1.76. Kutoka 11.40 hadi 1.76 ni upungufu wa asilimia 85 hivi, na ukianzia kwenye 12.1 ya zamani bado unabaki palepale. Kosa la mwanzo ni dogo mbele ya mabadiliko ya miaka 100. Mbele ya mabadiliko ya miaka 10 ni kubwa mno. Anayetaka kusema jambo kuhusu muongo mmoja lazima awe na picha mbili za aina moja, za msimu mmoja, zilizosomwa na mtu mmoja kwa kanuni moja.

Namba za zamani pia zilizaa utabiri uliotuaibisha kidogo. Mwaka 2002 Thompson na wenzake waliandika kwenye jarida la Science kwamba hali ikiendelea hivyo, barafu ingeisha kati ya 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita na barafu ipo. Chukua namba zilezile uone: kutoka 12.1 mwaka 1912 hadi 2.6 mwaka 2000, mlima ulipoteza wastani wa 0.108 kwa mwaka. Endeleza mstari huo na barafu inaisha mwaka 2024. Sasa tumia kipindi cha 1989 hadi 2000 peke yake, ambapo wastani ni 0.064, na mwisho unasogea hadi karibu 2040. Takwimu hazijabadilika, rula ndiyo imebadilika. Cullen na wenzake nao walitumia rula, ila waliigawa barafu kwanza katika makundi matatu kulingana na mwinuko, mteremko na upande inakotazama, wakapata tarehe tofauti: miteremko ya magharibi kabla ya 2020, sehemu nyingine pengine kufikia 2040, na kutosalia kitu baada ya 2060. Vipimo vya karibuni, vya miaka ya mwanzo ya 2020, vimeikuta barafu yote ikiwa karibu kilomita moja ya mraba.

Namba hizo zina jambo lingine ambalo wengi hulipita. Upungufu kwa mwaka ulikuwa mkubwa zaidi kati ya 1912 na 1953, zaidi ya 0.13, kabla dunia haijapata joto la miongo ya mwisho ya karne. Georg Kaser na Thomas Mölg, waliofanyia kazi zao Innsbruck, Austria, wameeleza kwamba Afrika Mashariki ilikauka ghafla kuelekea mwisho wa karne ya 19, theluji ikapungua, na barafu ya Kibo haijapata tena chakula cha kutosha. Wastani wa joto kule juu ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri. Kuta zilizosimama wima za barafu huliwa na jua, na sehemu ya barafu hugeuka mvuke moja kwa moja bila kupita kwenye maji. Setilaiti haikuweza kutuambia hayo. Yalihitaji kituo cha hali ya hewa kilichosimikwa juu ya barafu yenyewe mwaka 2000. Vilevile eneo halisemi unene. Kati ya 2000 na 2007 Uwanda wa Barafu wa Kaskazini ulipungua unene kwa mita 1.9, na ule wa Kusini kwa mita 5.1.

Nikiri upendeleo wangu: nadhani tumeipa barafu macho mengi kuliko inavyostahili, kwa sababu weupe ni rahisi kuuona. Wanaoilia hutaja maji ya Moshi na Pangani. Piga hesabu. Kilomita moja ya mraba ya barafu ikipoteza mita nzima ya maji kwa mwaka, ni mita za ujazo milioni 1, na sehemu yake nzuri inaishia hewani. Mkanda wa msitu wa Kilimanjaro una kama kilomita za mraba 1,000. Ukipata mvua ya mita 1 na nusu, ni mita za ujazo bilioni 1.5. Maji ni ya msitu.

Na msitu kwa setilaiti ni mgumu. Chini, kihamba cha Mchagga chenye migomba, kahawa na miti ya kivuli kinang'aa kijani kama msitu, na programu ya kuainisha picha hukichanganya na msitu mara kwa mara. Juu, karibu na mita 3,000, miti ya Erica inayonasa maji ya ukungu imerudishwa chini na mioto. Andreas Hemp, mwanabotania wa Bayreuth, ameifuatilia hasara hiyo kwa picha za Landsat tangu za mwaka 1976. Moto wa Oktoba 2020 ulionekana wazi angani, kovu jeusi la makumi ya kilomita za mraba. Lakini baada ya misimu michache vichaka huota, kipimo cha ukijani hupanda, na picha inasema msitu umepona wakati mti hakuna.

Leza ya GEDI, iliyofungwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga tangu mwishoni mwa 2018, hupima urefu wa miti, na wengi wameiona kuwa jibu. Doa lake ardhini lina upana wa mita 25 hivi. Kwenye mteremko wa nyuzi 20, ardhi pekee ndani ya doa hilo inapanda mita 9, urefu wa mti mzima wa Erica. Mwangwi wa ardhi na wa mti huchanganyika, na kichaka kinaweza kuandikwa kuwa msitu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ningeiweka ardhini: viwanja vya sampuli kati ya mita 2,800 na 3,500, ndani na nje ya makovu ya moto, vyenye alama za kudumu, vikipimwa kwa utepe mwezi uleule kila baada ya miaka 5, ndipo leza na Sentinel zilinganishwe navyo.