Ushuhuda wa Tertullian

Siku hizi vyama vingi vya dini, vikitaka kuthibitisha mafundisho yao, havitoshewi na Maandiko peke yake, bali huwaita na wazee wa Kanisa la kwanza wawe mashahidi. Jambo hili si baya. Lakini shahidi aliyekufa hawezi kumkatiza mwenye kumsemea. Kwa hiyo twapenda kulichungua shauri moja tu, la Tertullian wa Carthage, mtu wa Afrika ya Kaskazini, aliyeandika kwa Kilatini tangu mwisho wa karne ya pili.

Mwaka 1989 Mashahidi wa Yehova walitoa kijitabu cha kukana Utatu. Humo Tertullian atajwa kuwa alifundisha ya kwamba Baba ni mwingine na Mwana ni mwingine. Ya kwamba palikuwa na wakati Mwana hakuwapo. Na ya kwamba kabla ya vitu vyote Mungu alikuwa peke yake. Maneno hayo yamo kweli katika vitabu vyake. Ila msomaji haambiwi ya kuwa yametoka katika vitabu viwili mbalimbali. Na Mkristo wa kijijini, asiye na vitabu vya Kilatini, afanyeje? Hana ila kumwamini aliyemletea karatasi. Naye akiiacha imani yake, au akiishika, kwa ushuhuda uliokatwa, amedhulumiwa.

Tukikifungua kile alichoandika juu ya Praxeas, twaona mengine. Praxeas alifundisha ya kwamba Baba na Mwana ni yule yule mmoja, hata ikawa Baba mwenyewe ndiye aliyezaliwa na kuteswa. Mtu akishindana na fundisho la namna hii, atasema nini isipokuwa ya kwamba Baba siye Mwana? Ndivyo alivyosema Tertullian, kisha akaonya ya kwamba kuwa mwingine si kutengana, akapiga mifano ya mzizi na mti, chemchemi na mto, jua na mwali wake. Tena pale aliposema Mungu alikuwa peke yake, hazipiti sentensi mbili ila aongeza ya kwamba hata wakati ule hakuwa peke yake, kwa maana alikuwa na Akili yake ndani yake. Kijitabu kimekoma kabla ya kufika hapo. Pengine mwandishi alinakili kwa mtu mwingine, asikifungue kitabu chenyewe. Hilo lapunguza kosa lake, lakini halimfai msomaji kitu.

Walakini wanaoushika Utatu wasijisifu upesi. Lile neno la wakati ambapo Mwana hakuwapo limo katika kitabu chake juu ya Hermogenes, na huko Nicaea mwaka 325 waliosema neno kama hilo walilaaniwa. Waalimu wengi humsifu Tertullian kwa kuwa ndiye wa kwanza tumjuaye aliyemwita Mungu Utatu kwa Kilatini, na hili hulinyamazia. Hunyamaza pia ya kwamba alipokiandika kile kitabu juu ya Praxeas alikuwa amekwisha kuwafuata watu wa Montanus, na kwamba mlango wake wa kwanza wamlaumu Praxeas kwa kumgeuza moyo askofu wa Roma asiwakubali watu hao.