Makro inayoacha Word nyuma yake

Kuna makro inayopitishwa kwa flash hapa Kabambare kati ya wanaochapa TFC. Inachukua majina katika Excel, inatengeneza kurasa za mbele. Watu wanaisifu juu iko mbio. Mimi sina sifa nayo.

Kwa kila jina inaita CreateObject("Word.Application"). Amri hiyo haitafuti Word iliyo wazi. Inawasha mpya, tena iliyofichwa. Majina 30, Word 30. Fungua Task Manager uone WINWORD.EXE zilivyopangana! Mashini ndogo inakwama, betri ya sola inaisha bure.

Wengine wanasema: weka GetObject, ishike Word iliyo wazi. Hapo ndipo naogopa zaidi. Word ile iko na TFC ya mwenzetu ndani. Makro ikimaliza kwa Quit isiyohifadhi, kurasa zake zimekwenda.

Kutenga ni sawa, lakini Word moja ya pembeni inatosha. Iwashwe kabla ya orodha kuanza, ifungue na kufunga kila hati, kisha Quit, hata kosa likitokea katikati. Mstari huo mmoja ndio haumo.